Mameya wa Calgary: Jiji Huwapa Jina, Chama Huwapa Njia

Ndani ya Bunge la Jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, wamo watu wawili waliowahi kugombea kiti kimoja. Mmoja ni Ric McIver, mwingine ni Naheed Nenshi. Oktoba 2010 walishindana kuwania umeya wa jiji la Calgary. Nenshi alishinda, McIver akashika nafasi ya pili. Leo mambo yamegeuka. Mei 2025 McIver alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge hilo. Mwezi uliofuata Nenshi aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo, akiwa kiongozi wa upinzani. Kila akitaka kusema, sharti apewe nafasi na mtu ambaye yeye mwenyewe alimbwaga mwaka 2010.

Nenshi ni wa karibuni tu katika msururu mrefu. Tangu Alberta ipate hadhi ya jimbo mwaka 1905, mameya wa Calgary wamekuwa wakitoka kwenye ukumbi wa jiji kwenda kutafuta vyeo vya juu zaidi. Wapo waliofika uwaziri, mmoja alifika useneta, mmoja alimwakilisha Malkia, na mmoja alitawala jimbo zima kwa miaka kumi na minne. Wapo pia waliopanda ngazi na kukuta haiegemei popote. Ukizifuata safari zao moja baada ya nyingine, utaona jambo ambalo wanasiasa wa miji wangefaa kulijua mapema: jiji humpa meya jina kubwa, lakini halimpi njia ya kwenda mbele. Njia hutolewa na chama, na chama hudai malipo yake. Mara nyingi anayelipa ni jiji.

Kiti chenyewe

Calgary ilianza mwaka 1875 kama ngome ya polisi wa farasi, pale mto Elbow unapoingia mto Bow, katika nchi ya Wablackfoot na jirani zao. Ikawa mji mwaka 1884 na jiji mwaka 1894. Mafuta ndiyo yaliyoikuza. Yalichimbwa Turner Valley, kusini mwa jiji, tangu mwaka 1914, na baada ya ugunduzi mkubwa wa Leduc mwaka 1947 makampuni yaliweka makao makuu yao Calgary, ingawa kisima chenyewe kilikuwa karibu na Edmonton, mji mkuu wa jimbo. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.3.

Meya wa kwanza, George Murdoch, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Utawala wa mji huo mchanga ulivurugika mapema kwa mgogoro wa uchaguzi, na Novemba 1886 wakazi walilipia vurugu hiyo. Moto uliteketeza majengo ya katikati ya mji huku mashine mpya ya kuzimia moto ikiwa imefungiwa ghalani kwa kuwa mji ulikuwa haujailipia. Baada ya hapo wenye uwezo walianza kujenga kwa mawe ya mchanga badala ya mbao. Watu wa Calgary walijifunza mapema kwamba siasa za jiji ni maji, moto, barabara na taka, na kwamba uongozi ukiyumba hasara huonekana kwa macho.

Kiti cha meya kina sura mbili. Kwa upande mmoja kina nguvu kubwa ya kisiasa, kwa sababu meya huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wa jiji zima. Hakuna mbunge wa Alberta anayepata kura nyingi kama zile zinazompeleka meya madarakani. Kwa miaka mingi pia jina lake lilikaa kwenye karatasi ya kura bila jina la chama, na hivyo wa mrengo wa kulia na wa kushoto waliweza kumpigia kura bila kujiona wasaliti.

Kwa upande wa pili kiti hicho ni dhaifu. Barazani meya ana kura moja kati ya kura kumi na tano. Zilizobaki ni za madiwani kumi na wanne. Zaidi ya hapo, Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 iliikabidhi mikoa yake mikubwa, yaani majimbo, mamlaka yote juu ya serikali za miji. Jimbo linaweza kubadili mipaka ya jiji, aina za kodi linazotoza, hata kanuni za kuchagua baraza lake. Fedha za reli, hospitali na barabara kuu zinatoka jimboni au serikali kuu. Ndiyo maana meya mwenye ndoto hutazama juu: ameona kwa miaka ufunguo uliko.

Waziri aliyeangusha serikali yake

Wa kwanza kuufuata ufunguo huo hadi kwenye baraza la mawaziri alikuwa William Henry Cushing. Alikuwa mwenye kiwanda cha milango na madirisha, mfanyabiashara aliyeheshimika, na mwaka 1900 alikuwa meya. Alberta ilipokuwa jimbo mwaka 1905, Waziri Mkuu wa kwanza wa jimbo, Alexander Rutherford wa chama cha Liberal, alimpa Cushing wizara ya ujenzi. Katika wizara hiyo alisimamia mpango wa serikali kumiliki huduma ya simu, jambo kubwa kwa wakulima waliotawanyika kwenye mbuga kubwa ambako kampuni binafsi haikuona faida ya kuvuta nyaya.

Mwaka 1910 ulizuka mzozo wa reli ya kuelekea kaskazini. Serikali ilikuwa imeidhamini kampuni ya Alberta and Great Waterways kwa masharti ambayo wengi waliyaona kuwa ya ukarimu kupita kiasi. Cushing, ambaye ujenzi ulikuwa kazi yake, alijiuzulu uwaziri akipinga jinsi mkataba huo ulivyoshughulikiwa. Bunge lilichafuka, chama kikagawanyika, na kabla mwaka haujaisha Rutherford mwenyewe alikuwa ameondoka madarakani. Lakini chama hakikumpa Cushing kiti kilichoachwa wazi. Kilimwita jaji, Arthur Sifton, mtu wa nje ya ugomvi, na safari ya kisiasa ya Cushing ikaishia hapo.

Alirudi Calgary kufanya kazi nyingine. Chuo cha Mount Royal kilipoanzishwa alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake. Karibu karne moja baadaye, katika chuo hicho hicho kilichokwisha kuwa chuo kikuu, alifundisha mhadhiri aitwaye Naheed Nenshi. Cushing alishika msimamo na kupoteza cheo, ila jiji lilimbakiza. Katika orodha hii si wengi waliopata vyote viwili, heshima ya kisiasa na shukrani ya nyumbani.

Miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ilimleta Andrew Davison, aliyeshika umeya tangu mwishoni mwa 1929 hadi 1945. Mwaka 1940 alijaribu njia nyingine: aliingia Bunge la Jimbo akiwa mgombea huru, katika umoja wa waliokuwa wakikipinga chama cha Social Credit kilichotawala Alberta, huku akiendelea kuwa meya. Aliingia bungeni, lakini serikali haikuanguka. Bila chama imara nyuma yake, sauti yake ilibaki ya upinzani.

Saruji, ng'ombe na vitabu

Baada ya vita Calgary ilipata meya aliyependa kuitangaza kuliko mwingine yeyote. Donald Mackay alikuwa mtangazaji wa redio. Yeye ndiye aliyeueneza utamaduni wa kumvika mgeni mashuhuri kofia nyeupe ya mchunga ng'ombe, utamaduni unaoendelea hadi leo. Alikaa umeyani kuanzia 1950 na watu wakampenda. Kilichomwangusha mwaka 1959 kilikuwa kitu kidogo kwa thamani: uchunguzi ulionyesha kuwa mifuko ya saruji ya jiji ilitumika kwenye nyumba yake ya mapumziko huko Banff. Tuna msemo kwamba cheo ni dhamana, na wapiga kura wa Calgary waliamua hivyo hivyo. Mwaka huo huo walimchagua Harry Hays.

Hays alikuwa mfugaji. Jina lake liko kwenye aina ya ng'ombe wa nyama, Hays Converter, aliyoianzisha mwenyewe na ambayo baadaye ilitambuliwa rasmi kuwa ya kwanza ya Kikanada. Mwaka 1963, akiwa meya, aligombea ubunge wa Kanada kwa tiketi ya Liberal. Alberta ilikuwa ngome ya wahafidhina, na katika jimbo zima ni Hays peke yake aliyeshinda kwa chama hicho. Waziri Mkuu Lester Pearson alimfanya Waziri wa Kilimo mara moja, kwani serikali yoyote ya Kanada ilihitaji angalau sauti moja kutoka Alberta.

Ushindi wa namna hiyo unaonyesha nguvu ya jina la meya: mtu alivuka mahali ambapo chama chake kilishindwa kabisa. Lakini unaonyesha pia mpaka wake. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa 1965, Hays alikipoteza kiti hicho hicho. Hapo chama kilimwokoa. Aliteuliwa kuwa seneta mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 na 1981, akiwa seneta, alikuwa mwenyekiti mwenza wa kamati ya mabunge yote mawili iliyopitia rasimu ya Katiba mpya ya Kanada, kazi iliyogusa nchi nzima. Alifariki mwaka 1982.

Aliyemrithi Hays umeyani, Grant MacEwan, alipita njia ileile kwa kinyume. Alikuwa profesa wa kilimo, mwandishi wa vitabu vingi vya historia ya nyika za magharibi, mtu aliyejulikana kwa kuishi bila anasa. Alianza kwa kushindwa ubunge wa Kanada huko Manitoba mwaka 1951. Akahamia Calgary, akawa diwani, kisha mbunge wa jimbo, na mwaka 1958 akapewa uongozi wa Liberal wa Alberta. Mwaka uliofuata chama kilipigwa vibaya, naye akapoteza hata kiti chake. Baada ya kuanguka huko ndipo alipokuwa meya, tangu 1963 hadi 1965. Mwanzoni mwa 1966 aliapishwa kuwa Luteni Gavana, mwakilishi wa Malkia katika Alberta, na alikaa hadi 1974. Alipofariki mwaka 2000 alizikwa kwa heshima za kiserikali, na chuo kikuu kimoja cha Edmonton kinaitwa kwa jina lake.

MacEwan na Hays walikuwa wa chama kimoja katika jimbo lililokikataa chama hicho. Wote wawili walipendwa kuliko bendera waliyoibeba, na wote wawili vyeo vyao vya mwisho walivipata kwa uteuzi. Kura zilikuwa zimewatupa.

Mwenye chama kilichokufa

Rod Sykes, meya kuanzia 1969 hadi 1977, alikuja kutoka kampuni ya mali ya reli ya Canadian Pacific, ambako alisimamia mradi wa mnara uliogeuka kuwa alama ya jiji, Calgary Tower. Alikuwa mkali, mbishi, na magazeti hayakukosa habari wakati wake. Mwaka 1980 alikubali kuongoza Social Credit, chama kilichowahi kutawala Alberta kwa miaka thelathini na sita kabla ya kung'olewa mwaka 1971.

Wakati Sykes anakichukua, chama hicho kilikuwa kivuli cha jina lake. Wanachama walimtazamia meya maarufu akirudishie uhai, lakini umaarufu wa mtu mmoja haujengi matawi, haupati wagombea wa kila wilaya, wala haujazi mfuko wa kampeni. Sykes aliuacha uongozi mwaka 1982, na katika uchaguzi wa mwaka huo Social Credit haikupata kiti hata kimoja. Uwezo wake haukuwa umepungua tangu siku alipotoka ukumbi wa jiji. Alichagua nyumba iliyokwisha kubomoka.

Ralph Klein: kutoka mtaani hadi ikulu ya jimbo

Hapa tunafika kwa mtu ambaye huwezi kuieleza Alberta bila kumtaja. Ralph Klein alizaliwa Calgary mwaka 1942. Aliacha shule mapema na kumalizia masomo baadaye, akafanya kazi ya uhusiano wa umma, kisha akawa ripota wa televisheni aliyefuatilia habari za ukumbi wa jiji. Oktoba 1980 aligombea umeya dhidi ya Ross Alger, mhasibu aliyekuwa madarakani. Klein hakuwa na fedha wala mtandao, bali alikuwa anajulikana kwenye mitaa na kwenye baa za katikati ya jiji, na alizungumza kama wanavyozungumza watu wa kawaida. Akashinda.

Bahati na dhoruba zilimjia pamoja. Mwaka 1981 Calgary ilipewa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988. Wakati huo huo bei ya mafuta ilianza kuyumba, na sera ya nishati ya serikali kuu ya Pierre Trudeau ya mwaka 1980 iliwakasirisha watu wa magharibi. Mwaka 1982 Klein alisema maneno makali dhidi ya wahamiaji kutoka mashariki mwa Kanada, akiwahusisha na uhalifu. Nchi nzima ikamsikia, wengi wakamlaumu. Lakini Olimpiki zilipokuja Februari 1988, mitaa ilijaa furaha, na Klein akawa sura ya jiji mbele ya dunia.

Mwaka 1989 aliingia Bunge la Jimbo kwa chama cha Progressive Conservative, ingawa kabla ya hapo alikuwa akionekana kuwa mtu wa Liberal. Hapa ndipo tofauti yake na MacEwan au Sykes ilipo. Chama alichojiunga nacho kilikuwa kimetawala tangu 1971. Mashine ilikuwa inaunguruma, ilihitaji dereva tu. Akawa Waziri wa Mazingira. Mwaka 1992 uongozi wa chama ulipokuwa wazi, duru ya kwanza ya kura za wanachama ilimweka nyuma ya Nancy Betkowski kwa kura moja. Katika duru ya pili alimshinda kwa wingi, na Desemba mwaka huo akawa Waziri Mkuu wa Alberta.

Uchaguzi wa 1993 ulikuwa wa aina yake: mameya wawili wa zamani wakipambana. Upande wa Liberal alikuwepo Laurence Decore, aliyekuwa meya wa Edmonton. Kila mmoja alikuwa akihubiri kupunguza deni la serikali. Edmonton ilimpa Decore viti vyake vyote, Calgary ikampa Klein sehemu kubwa ya vyake, na vijijini Klein akamaliza kazi. Wahafidhina walipata viti 51, Liberal 32.

Kilichofuata ndicho kinachowagawa watu wa Calgary hadi leo. Serikali ya Klein ilikata matumizi ya umma kwa takriban asilimia 20 katika miaka michache. Mishahara ya watumishi ilipunguzwa kwa asilimia 5, na saa za chekechea zikapunguzwa. Hospitali zilifungwa, na Oktoba 1998 jengo la Calgary General, hospitali ambayo mizizi yake inafika mwaka 1890, liliangushwa kwa baruti huku umati ukitazama. Sehemu ya katikati ya jiji ikabaki bila hospitali kubwa. Aliyeamua hivyo alikuwa mtoto wa Calgary, meya wake kuanzia 1980 hadi 1989.

Wanaomtetea wana hoja. Mwaka 2004 alitangaza kwamba deni la jimbo limemalizwa, na mwanzoni mwa 2006 kila mkazi alipewa dola 400 kutoka kwenye ziada ya mapato ya mafuta. Hata kosa lake baya, lile la Desemba 2001 alipoingia usiku, akiwa amelewa, kwenye nyumba ya wasio na makazi huko Edmonton na kuwarushia fedha, alilikubali hadharani na kuzungumza wazi juu ya ulevi wake. Watu wengi walimsamehe. Lakini mwaka 2006 wajumbe wa chama chake walimpa imani kwa asilimia 55 tu, na mwishoni mwa mwaka akaondoka. Alifariki Machi 2013.

Mimi naisoma safari ya Klein hivi: alifika juu kwa sababu ya sauti aliyoipata mitaani, na akiwa juu akatumia sauti hiyo hiyo kuwashawishi watu wakubali maumivu ambayo meya yeyote angeyapinga. Jiji lilimpa imani, naye akaitumia kwa kazi ya chama. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya. Linaonyesha gharama ya ngazi aliyoipanda.

Mtoto wa wahamiaji kutoka Tanzania

Waliomfuata Klein hawakwenda mbali kisiasa. Al Duerr, mpangaji miji, alikaa umeyani miaka kumi na miwili hadi 2001, kisha akaachana na siasa za uchaguzi. Dave Bronconnier alikuwa amejaribu ubunge wa Kanada kwa Liberal mwaka 1997 na kushindwa. Akawa meya 2001, akapigania fedha za reli na barabara kutoka jimboni, na alipotoka mwaka 2010 hakurudi kwenye kura.

Kisha akaja Nenshi. Wazazi wake, wafuasi wa dhehebu la Ismailia wenye asili ya Kihindi, walihamia Kanada kutoka Tanzania mwaka 1971, mwaka ule ule Tanzania ilipotaifisha majengo ya kupangisha. Mwana wao alizaliwa Toronto Februari 1972, akakulia kaskazini mashariki mwa Calgary, upande wa jiji wenye wahamiaji wengi. Alisoma Chuo Kikuu cha Calgary, akaendelea Harvard, akafanya kazi ya ushauri wa biashara, akarudi kufundisha. Mwaka 2004 aligombea udiwani akashindwa.

Mwaka 2010 kura za maoni za mwanzo zilimwonyesha akiwa chini kabisa. Mbele yake walikuwa McIver, diwani mkongwe wa mrengo wa kulia, na Barb Higgins, mtangazaji maarufu wa televisheni. Nenshi alipiga kampeni kwenye mikutano ya sebuleni na kwenye mitandao ya kijamii, ambayo wakati huo wanasiasa wengi hawakuielewa. Rangi yake ilikuwa zambarau, mchanganyiko wa nyekundu ya Liberal na buluu ya wahafidhina. Alishinda kwa takriban asilimia 40, akawa Mwislamu wa kwanza kuongoza jiji kubwa la Amerika Kaskazini. Jiji ambalo wengi walilijua kwa farasi na mafuta lilikuwa limemchagua mtoto wa watu walioondoka Afrika Mashariki miaka thelathini na tisa tu kabla.

Juni 2013 mito ya Bow na Elbow ilifurika. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa, maji yakaingia hadi kwenye viti vya uwanja wa Saddledome. Nenshi alionekana kila mahali, akieleza kwa utulivu nini kifanyike, hadi wananchi wakaanza kumwomba mtandaoni akalale kidogo. Tamasha la Stampede, linalofanyika kila Julai, lilifunguliwa kwa wakati wiki mbili baadaye. Oktoba alichaguliwa tena kwa asilimia 74, na baadaye akapewa Tuzo ya Meya wa Dunia ya mwaka 2014.

Miaka ya baadaye ilikuwa migumu. Bei ya mafuta iliporomoka kuanzia 2014, na zaidi ya robo ya ofisi za katikati ya jiji zikabaki tupu. Kodi ya majengo iliyokuwa ikilipwa na maghorofa hayo ilihamia kwa wafanyabiashara wadogo wa pembezoni, nao mwaka 2019 waliandamana hadi ukumbi wa jiji. Kwa miaka mingi baraza lilikuwa likisikiliza, ombi moja baada ya jingine, watu walioomba kibali cha kupangisha vyumba vya chini ya nyumba zao. Ilikuwa 2018 ndipo utaratibu ulipobadilishwa. Mwaka huo huo wapiga kura walikataa kwa asilimia 56 wazo la kuomba Olimpiki za 2026, ambalo Nenshi aliliunga mkono. Mwaka 2017 alikuwa amebaki na asilimia 51 tu ya kura, na mwaka 2021 hakugombea.

Meya huyu wa zambarau, aliyejenga jina lake nje ya vyama, mwaka 2024 alijiunga na NDP, chama cha mrengo wa kushoto, na Juni mwaka huo akachaguliwa kukiongoza kwa asilimia 86 ya kura za wanachama. Ukumbi wa jiji ulimwonyesha kwamba meya mwenye mawazo mazuri akikosa msaada wa jimbo anaishia kuomba. Chama alichokichukua si gofu kama lile la Sykes. NDP ilitawala Alberta 2015 hadi 2019, na mwaka 2023 ilipata zaidi kidogo ya nusu ya viti vya Calgary. Lakini pia si mashine inayounguruma kama ile ya Klein. Nenshi yuko katikati ya njia ambayo hakuna meya wa Calgary aliyewahi kuipita: kuchukua chama cha upinzani chenye nguvu na kukifikisha serikalini.

Sheria mpya, jiji lile lile

Mwaka 2024, McIver akiwa Waziri wa Serikali za Miji, serikali ya jimbo ilipitisha sheria iliyoruhusu majina ya vyama kwenye karatasi za kura za Calgary na Edmonton, na kuiongezea serikali ya jimbo uwezo wa kuingilia sheria ndogo za miji na nafasi za madiwani. Oktoba 2025 wapiga kura walitoa jibu lao. Jyoti Gondek, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo, alishindwa, akawa meya wa kwanza aliyeko madarakani kuangushwa tangu Klein amwangushe Alger mwaka 1980. Lakini aliyeshinda, Jeromy Farkas, alisimama bila chama, akampita kwa kura chache mgombea aliyebeba bendera ya chama kipya cha jiji.

Nalitazama jibu hilo kama onyo la heshima. Wananchi wa Calgary wanataka meya wao awe wao kwanza. Wanajua kuwa siku moja anaweza kuondoka kwenda juu, na hawamzuii. Waliwapigia kura Hays na Klein kwa mikono yao wenyewe. Wanachokataa ni kuwa na meya ambaye tayari ni wa mtu mwingine akiwa bado yuko kwenye kiti chao.

Uchaguzi wa jimbo, kwa kalenda ya sheria, ni mwaka 2027. Nenshi ataomba kura kwa chama kizima, kwa vijiji na miji ambayo haikuwahi kuona kazi yake. Akishinda, atashika mamlaka yale yale yaliyomsumbua akiwa meya: mipaka ya miji, fedha za reli, hospitali, kanuni za uchaguzi wa mabaraza. Wapiga kura wa Alberta wamuulize sasa, kabla ya kampeni kuanza na kabla ya nyimbo za chama: ukikabidhiwa ufunguo, utawarudishia miji madaraka yapi, na kwa sheria ipi? Meya yeyote wa zamani anayeomba cheo cha juu anadaiwa jibu hilo na Calgary na kila jiji lililowahi kumlea kiongozi. Asiyeweza kulitoa kwa maandishi hastahili kupigiwa kura kwa sababu ya umeya wake.